Kulungu Ndani ya Kabichi, Mkwe Mezani

Wasomaji wangu, barua hii ilinifikia mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Nilimjibu mwenyewe kwa posta wala sikuichapa hapa, kwa sababu mtu anayesemwa ndani yake ana macho mazima na anajua kusoma gazeti. Sasa harusi imepita, wote wako hai, na mwenye barua ameniruhusu niiweke hadharani. Someni, ninyi wenye mabinti.

— Shangazi Ottilie

*

Shangazi Ottilie mpendwa,

Nisaidie, na unisaidie upesi, maana nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya friza huku kwenye chumba cha chini ya nyumba, mahali pekee ambapo mume wangu hathubutu kunifuata na kuniuliza, "Umekasirika?", na ndani ya friza hii ninayoikalia kuna nyama ya kulungu wanne, imeshasagwa na kufungwa vizuri kwenye mifuko, na harusi ya binti yangu ni mwezi ujao, na sijui kama kwa nyama hii nitalisha watu au nitavunja ndoa kabla haijafungwa.

Naitwa Bernadine, napokea simu na wagonjwa kwa daktari wa meno, na mume wangu ni Stanley, ambaye bonde zima linamwita Stush, dereva wa gari la manispaa la kusukuma theluji. Majina yetu yafiche ukitaka, ingawa watu wa hapa Hazelrun wakisoma tu "mume asiyejua kunyamaza" watajua unamsema nani.

Shida yetu ilianzia angani. Bajeti nzima ya kulisha wageni tuliiegemeza kwenye theluji, usicheke, kwa kuwa kila majira ya baridi Stush hufanya kazi saa za ziada na malipo yake ni mazuri, tukasema basi ya mwaka huu yatakuwa ya harusi ya Marlena, na mimi na yeye tukawa tunaangalia mawingu kama wakulima wanavyosubiri mvua, lakini mwaka huu, Shangazi, jua liliwaka Januari mpaka nikaona watu barabarani wamevaa kaptula, na gari la Stush likashinda gereji kama ng'ombe mgonjwa. Theluji iliyoanguka haikutosha kufunika mkate.

Hapo sasa ndipo alipokuja mama yake bwana harusi. Kijana mwenyewe anaitwa Garrett, mtoto mzuri, hana neno, na mama yake ni Bi Lenore, mjane mwenye nyumba nzuri kule vilimani na sauti ya chini ya mtu ambaye hajawahi kugombania bei. Alikaa sebuleni kwetu, akashika mkono wangu, akasema kwa adabu kabisa, "Bernadine, niruhusuni niwalete wapishi ninaowafahamu. Iwe zawadi yangu kwa watoto." Mimi mdomo umeshafunguka nimwambie Mungu akuzidishie, Stush akaniwahi.

"Mkwe," anasema, kifua mbele, "kwetu huku baba wa bibi harusi ndiye anayelisha. Wewe njoo na njaa yako tu."

Na laiti angekomea hapo! Mume wangu ana ugonjwa wa kualika. Akienda kubadilisha tairi, amemwalika fundi tairi. Akienda kunyolewa, amemwalika kinyozi, na mke wa kinyozi, na mteja aliyekuwa anasubiri zamu. Tulikubaliana wageni tisini, tena kwa kubana, leo hii sithubutu kuhesabu, na kila nikimsema ananijibu, "Bernie, mtu anakula nini kwani? Kipande kimoja!" Yeye mwenyewe hajawahi kula kipande kimoja tangu abatizwe.

Basi nikajikaza, nikapanga. Tulishapata ukumbi wa zimamoto, kama kila mtu hapa. Makaroni ya sosi ya nyanya hayagharimu sana, kabichi ya kukaanga na tambi haigharimu kitu, mkate tutaoka, na meza ya biskuti ni juu ya wifi yangu Philomena na shangazi wote, ambao walianza kuoka toka mwezi wa pili na sasa hawasemezani kwa sababu ya mapishi ya biskuti za kokwa za walnati. Kilichobaki ni nyama. Harusi bila halupki si harusi, babu zetu watafufuka, na halupki ni jani la kabichi limeviringwa nyama na wali ndani, na nyama ya ng'ombe siku hizi ukiuliza bei unahisi umemtukana muuzaji. Ndipo Stush akafungua friza. Yeye na kaka yake walikuwa na msimu mzuri wa kuwinda. Akaniambia, "Hii hapa nyama. Imekula majani ya Mungu, na haijatugharimu ila risasi."

Nikajaribu kupika. Nikachanganya na nyama ya nguruwe kidogo ipate mafuta, nikazidisha vitunguu, na nakuambia kweli, sijawahi kupika halupki tamu kama zile. Tukamwalika Bi Lenore chakula cha Jumapili aje aonje chakula cha harusi ya mwanawe. Akala moja. Akafumba macho. Akala ya pili. Akasema, "Bernadine, nyama gani hii laini hivi?"

Nikafungua kinywa, na mume wangu akaniwahi tena. "Ya hapa hapa kwetu," anasema. "Haikutoka mbali."

Akala ya tatu! Akaomba na za kubeba. Halafu, akisubiri kahawa, akatoa simu yake atuonyeshe picha za nyumbani, nikadhani ni picha za marehemu mumewe, kumbe, Shangazi, ni kulungu. Anawalisha. Asubuhi anawawekea mahindi na tufaha nyuma ya nyumba, na kila mmoja ana jina lake. "Huyu ndiye Clementine," anasema, "na hawa ni mapacha wake. Clementine ananijua sauti. Tangu nifiwe, yeye ndiye anayeniamsha." Na macho yake yakalengwa machozi, na sosi bado iko pembeni ya mdomo.

Stush akapaliwa na kahawa. Nikamkanyaga mguu chini ya meza anyamaze, kumbe mguu ni wa Garrett. Garrett alikuwa anajua, alimsaidia Stush kusaga. Marlena anajua. Sote tukakaa pale tunatazama picha za Clementine, tunasema "jamani, mzuri," kama watu walioko msibani.

Sasa Bi Lenore amewaambia dada zake juu ya halupki zangu. Wanakuja wote na familia zao, mmoja wao hagusi kabisa nyama nyekundu, lakini amesema yangu ataionja. Kila siku ya pili mkwe ananipigia simu kunisifu, na kila akinisifu nazidi kudidimia. Wifi Philomena anasema, "Asichokijua hakimkwami kooni." Stush anasema tuandike kwenye kibao "nyama ya milimani," kwa herufi ndogo, tukiweke nyuma ya maua. Na binti yangu jana alisimama jikoni akaniambia, "Mama, ukimwambia ataondoka yeye. Usipomwambia nitaondoka mimi, siwezi kuanza maisha na mama mkwe nimemficha kitu kama hiki." Akapanda juu akafunga mlango.

Fedha ya ng'ombe hatuna. Fedha ya kuku wa watu wote hawa hatuna. Nyama tunayo ni hii ninayoikalia. Nifanyeje, Shangazi? Nimwambie? Ninyamaze? Nijifanye mgonjwa? Makalio yameshaingia ganzi lakini sishuki mpaka nimalize barua.

Mama wa Bibi Harusi,
Juu ya Friza, Hazelrun

*

Bernadine,

Shuka kwenye friza. Utapata maumivu ya nyonga, na siku ya harusi tunataka ucheze.

Nianze na pole, kwa kuwa unaistahili. Kukosa fedha kwa sababu anga haikutoa theluji si aibu ya mtu yeyote. Kumlisha mgeni kulungu nako si aibu. Nimelelewa kwa nyama hiyo, na kama umepunguza ukavu kwa nguruwe na vitunguu basi wewe ni mpishi. Makaroni, kabichi na tambi, mkate wa nyumbani: hicho ni chakula cha harusi, na atakayenuna aende akale kwake.

Pole yangu imeishia hapo.

Mwanamke amekaa mezani kwako, amekuuliza kwa kinywa chake nyama ni gani, na wewe umemwachia mumeo ajibu kitendawili. Kisha amekufungulia moyo. Amekuambia kitu ambacho mjane hamwambii kila mtu, yaani ni nani anayemwamsha asubuhi, na wewe umesema "jamani, mzuri." Bernadine! Hapo ulipaswa kuweka uma chini. Ningekuwa jirani yako ningekuja kukufinya.

Mtu ana haki ya kujua kilichomo kinywani mwake. Kulungu hakumtenda vibaya mkwe wako. Mlimtenda ninyi, watu wanne wazima, mliojua na kumwacha peke yake gizani. Wifi yako Philomena akaoke biskuti, mashauri hayawezi. Kitu usichokijua hakikukwami kooni mpaka siku utakapokijua, na siku hiyo kinakukwama mara mbili. Katika harusi yenye fundi tairi na kinyozi unadhani siri hii itafika hata kwenye keki? Mtu wa kwanza mwenye glasi mkononi atamwambia. Ni bora alie kwake sebuleni kuliko alie ukumbini mbele ya dada zake.

Kwa hiyo nenda. Usipige simu, nenda. Stush akuendeshe kama huna budi, lakini abaki ndani ya gari na vioo vimepandishwa. Usianze na hali ya hewa, wala usimpelekee maua, watu wakiona maua wanajua kuna balaa. Mwambie: ile nyama ilikuwa ya kulungu, nilijua, nikanyamaza, nimekuja kuomba radhi. Kisha funga mdomo. Usitaje bei ya ng'ombe. Usimtaje mumeo, ingawa unatamani. Ukimwona analia, una ruhusa ya kulia naye. Huna ruhusa ya kujitetea.

Na ile zawadi ambayo Stush aliikataa kwa niaba yako bila kukuuliza, irudie. Mwambie wazi: wapishi wa kifahari hatuwahitaji, lakini kama moyo wako bado uko palepale, tusaidie kuku. Najua itakuchoma. Inapaswa kukuchoma kidogo. Mumeo anadhani heshima ni kumlisha kila mtu peke yake. Mimi nasema mama wa bwana harusi aliyenyimwa kuchangia chochote kwa mwanawe amekosewa adabu, hata kama amenyimwa kwa tabasamu.

Halafu chakula chenyewe. Harusi za bajeti nyembamba haziuawi na wageni wengi, zinauawa na kijiko kikubwa. Watu wakijipakulia nyama wenyewe, meza tatu za mwanzo zitakula, za mwisho zitasimulia. Weka mkate na supu mezani mapema watu watulie. Kwenye foleni makaroni yatangulie, kabichi ya tambi ifuate, nyama iwe mwisho kabisa sahani ikiwa imeshajaa, na nyuma ya sinia asimame mtu mkali asiye na aibu. Viringisha sinia moja au mawili ya kabichi bila nyama, wali na uyoga tu. Na kila sinia liandikwe kilichomo kwa herufi ambazo bibi asiye na miwani atazisoma: KULUNGU. KUKU. UYOGA. Mambo ya "nyama ya milimani" sitaki kuyasikia tena.

Kuhusu mumeo: kila aliyemwalika nje ya makubaliano, amrudie mwenyewe, kwa miguu yake, amwambie, "Njoo wakati wa muziki na biskuti." Hakuna atakayekasirika. Na tangu leo mpaka harusi, akienda kunyolewa nenda naye.

Shangazi Ottilie

*

Shangazi mpendwa,

Tumemaliza, na ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti kama watu.

Nilikwenda. Stush alibaki garini, vioo juu, nikamwona anavyonitazama kama mbwa aliyeachwa nje ya duka. Bi Lenore akanimiminia chai, nikakataa kuigusa, nikasema yale maneno kama ulivyoniagiza, na lile ombi la kuku, yote kwa pumzi moja, kisha nikafunga mdomo. Sijawahi kuona kazi ngumu kama kufunga mdomo.

Akaweka kikombe chini. Halafu akaniuliza, polepole, "Nilikula tatu, Bernadine?"

"Tatu."

"Na nikaomba za kubeba."

"Ulibeba mbili."

Akainuka akaenda dirishani, akanipa mgongo, mabega yanatikisika, na mimi nimekaa pale machozi yananitiririka mpaka kwenye chai. Akasema bila kugeuka, "Mimi si mtoto. Najua watu huwinda, marehemu baba yangu aliwinda. Ungeniambia pale mezani ningelia kidogo, nikala makaroni, yakaisha. Kinachoniuma ni kwamba wote mlijua. Hata mwanangu. Nilikuwa naonyesha picha zangu, nafurahi nimepata familia, kumbe mezani mgeni nilikuwa mimi peke yangu."

Nilikuwa na majibu mengi, Shangazi. Nikayameza yote. Nikasema tu, "Ni kweli."

Sijui tungekaa hivyo mpaka lini, lakini ghafla mkwe wangu mwenye sauti ya chini alipiga kioo kwa ngumi, akapaza sauti ambayo Stush aliisikia garini: "Clementine! Toka kwenye tulipu zangu, mlafi wewe! Za harusi hizo! Toka!" Nikakimbilia dirishani. Clementine mwenyewe, mnene kama meya, kasimama kwenye bustani ya maua, katikati ya tulipu ambazo Bi Lenore alizipanda zipambe meza zetu, anazikata vichwa moja baada ya nyingine, anatutazama huku anatafuna. Na wale mapacha wako nyuma yake.

Bi Lenore akanitazama. Mimi nikamtazama. Nilibana midomo kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa hukunipa ruhusa ya kucheka. Yeye ndiye aliyeanza. Tulicheka mpaka akashika pazia.

Kisha akafuta macho, akasema, "Sijakusamehe bado. Nitakusamehe nitakapokuwa tayari. Kuku wangapi?"

Stush naye aliwarudia wageni wake, kama ulivyosema. Aliwapunguza wawili na kuwaalika watatu wapya.

Siku ya harusi kila sinia lilikuwa na kibao. Nyuma ya kuku alisimama Bi Lenore, na nyuma ya halupki alisimama Philomena, na watu walipita pale kama wanapita forodhani. "Mbili tu!" Philomena anafoka. "Mimi ni mjomba wa bibi harusi!" "Hata ungekuwa bibi harusi!" Yule dada asiyekula nyama nyekundu alisoma KULUNGU, akamtazama dada yake, akachukua uyoga. Chakula kilikuwa kinatosha, Shangazi. Nilikuwa naanza kupumua, meza nne tu zimebaki hazijaitwa, na ving'ora vikalia.

Wewe umezaliwa hapa, unajua. Ukumbi ni wa zimamoto, na nusu ya wanaume waliokuwemo ni wazima moto wa kujitolea. Waliinuka wote mara moja, leso bado shingoni. Msimamizi wa bwana harusi akaondoka. Mwenye kumimina bia akaondoka. Mpiga muziki akaondoka, akaacha wimbo unajirudia. Stush, naye mzima moto, akambusu Marlena kwenye paji la uso, akaingia kwenye gari la zimamoto na suti yake ya kukodi. Lilikuwa ghala la majani makavu nje ya mji, hakuumia mtu wala mnyama, ila majani yanachelewa kuzimika.

Na sisi tuliobaki, sijui ni hofu au ni uchu, tulikula. Philomena alitoka kwenda kumtafuta mtu wa kuzima ule wimbo, na sinia likabaki bila askari, na aliyeanza kurudia alikuwa padri. Baada ya padri nani angejizuia? Wanaume waliporudi, weusi kwa moshi, wana njaa ya kweli, na mimi nikitoka jikoni na kijiko, nilikuta masinia yanang'aa kama yameoshwa. Wale ambao hawakuwa wamekula kabisa walikuwa ndio hao hao waliokwenda kuzima moto. Stush alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakuwa na neno.

Nilirudi jikoni nikaegemea ukuta. Bi Lenore akanifuata. Alianza kufungua makabati, moja baada ya jingine, mpaka akakuta magunia ya unga, trei za mayai na debe la shira.

"Huu unga wa nani?"

"Wa wazima moto. Huwa wanauza chapati za maji asubuhi ya Jumapili, kuchangisha."

"Na wale waliokaa pale nje bila chakula ni akina nani?"

"Wazima moto."

"Basi," akasema. Akavua lulu zake shingoni, akazitia kwenye kikombe, akajifunga aproni juu ya gauni la hariri. "Mimi nachanganya, wewe geuza. Usiziunguze."

Tulipika chapati za maji, Shangazi, mimi na yeye, bega kwa bega, moshi usoni, nywele za saluni zimelala kama mbwa aliyelowa, na Garrett anabeba sahani mbili mbili. Wale wanaume walikula kama watoto. Mmoja alipiga kelele kwamba harusi zote ziwe na hizi, na wengine ambao walishashiba wakaja kupanga foleni upya, mpaka Bi Lenore akawatishia na mwiko.

Halafu Marlena akaingia jikoni. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Bibi harusi nani amewahi kula? Alikaa kwenye kreti la soda na gauni lote, akachukua chapati kutoka kwenye kikaango kwa mkono, akaikunja, akala, shira ikatiririka mpaka kwenye kifua cha lile gauni. Sisi wawili tukaruka na kitambaa kimoja, huyu anavuta huku, yule kule.

"Acheni!" akasema, mdomo umejaa. "Acheni gauni. Ongezeni nyingine."

Bi Lenore akaniachia kitambaa. Akamwaga mchanganyiko mwingine kwenye kikaango, na akavuta kreti la pili kwa mguu wake. "Kaa na wewe, mkwe," akaniambia. "Hujala."

Bernadine

*

Bernadine,

Vizuri. Umefanya nililokuambia, jambo ambalo wasomaji wangu hulifanya kwa nadra, na hata padri nimemsamehe, ingawa yeye na mimi tutaonana.

Sasa usikae hapo unajipongeza. Unga ule ulikuwa wa watu. Nendeni dukani wewe na mkwe wako, nyote wawili, kwa gari moja, mrudishe magunia kabatini kabla ya Jumapili. Njiani mtakuwa na nafasi ya kuzungumza. Na gauni hilo msilitie maji ya moto: shira hutoka kwa maji ya vuguvugu na uvumilivu.

Shangazi Ottilie